Mafundi, pimeni waya za nje kabla ya kufungua amplifaya

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa redio wa jiji hili kuhusu jambo lililonigharimu shilingi 6,500 na kumwacha mzee wangu akikaa uani bila redio kwa miezi miwili.

Mume wangu alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Mkono wa kushoto hauna nguvu na maneno humtoka kwa shida, lakini masikio yake ni mazima na redio ndiyo mwenzake. Kila siku saa nne asubuhi namtoa nje, nampangia mito kwenye kiti chini ya mparachichi, anakaa hapo mpaka jua lianze kuchoma. Ndiyo maana tulifunga spika mbili kwenye ukuta wa nje, tukaziunga na amplifaya (mashine ya kukuza sauti) ya sebuleni ambayo tayari ina spika zake mbili. Karibu mwaka mzima hatukuona tatizo. Desemba kijana wetu akaongeza nyingine mbili upande wa lango, wajukuu wapate muziki wa Krismasi.

Taabu ilianzia hapo. Ukiiwasha kwa sauti ya chini, inaimba. Ukipandisha ili mzee asikie taarifa ya habari, baada ya dakika kumi hivi unasikia "tak!" ndani ya amplifaya, taa ya mbele inageuka nyekundu, kimya. Unazima, unangoja, unawasha, inaimba kidogo, halafu tak! Aprili mvua iliponyesha ikawa inakata papo hapo, hata kwa sauti ya kunong'ona.

Fundi wa kwanza aliibeba, akaifungua, akabadilisha transista na kunitoza hizo 6,500. Ilirudi nyumbani na kukata siku iyo hiyo. Wa pili aliitazama kwa dakika mbili akasema, "Mama, humu mna kidude kinachokata. Nitakiruka, haitakata tena." Nashukuru Mungu sikuwa na pesa siku hiyo. Baadaye nilielezwa kuwa kidude hicho ndicho kinga ya mashine na ya spika. Kukiruka ni sawa na kuondoa fyuzi ukaweka msumari, tena katika nyumba yenye mtu asiyeweza kuinuka mwenyewe moto ukizuka. Fundi anayemfanyia mteja hivyo anamhatarisha, na sioni namna nyingine ya kulisema.

Aliyetusaidia ni kijana anayeshughulikia vyombo vya sauti kanisani kwetu. Hakugusa bisibisi. Aliigeuza amplifaya, akamulika tochi nyuma, penye vishikio vya waya za spika, akanisomea maandishi ambayo hakuna aliyewahi kuyatazama: laini A au B (yaani seti ya kwanza au ya pili ya spika), omu 4 hadi 16, A na B pamoja, omu 8 hadi 16. Akauliza, "Mama, spika zote ni ngapi?" Nikamwambia sita, tatu za upande wa kulia wa amplifaya na tatu za kushoto. "Kila moja omu ngapi?" Nane.

Akanieleza hivi, na mimi nawaeleza wenzangu. Omu hupima jinsi spika inavyouzuia umeme. Spika moja ya omu 8 ni mzigo mwepesi. Ukiunga ya pili sambamba nayo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 4. Ukiongeza ya tatu, inaona chini ya 3. Namba ikishuka, umeme mwingi zaidi huchotwa, vifaa vya ndani vinachemka, na kinga inakata kabla havijaungua. Halafu nje hakuna kuta wala dari ya kurudisha sauti, kwa hiyo kila mtu hupandisha kuliko anavyopandisha sebuleni. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitukata Desemba.

Mvua ilikuwa na lake. Kijana alichomoa plagi, akatoa waya zote za nje, akaacha spika mbili za ndani tu. Tukapandisha sauti nusu saa nzima, haikukata. "Amplifaya haina shida, mama." Kisha akachukua mita ya kupimia umeme. Spika nzima ya omu 8 husoma karibu 6 kwenye mita. Laini moja inayoelekea lango ilisoma karibu sufuri, yaani shoti. Tukaufuata waya mpaka nyuma ya tangi la maji, penye kiungo kilichofungwa tepu nyeusi. Alipoifungua, maji yalitiririka. Nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka kijani kama ukungu wa mkate, na uzi mmoja ulichomoza kupita tepu iliyooza ukashikana na waya wa pili. Uzi mwembamba kuliko unywele wangu!

Alikwangua waya kwa wembe pia, ndani ukawa mweupe: alumini iliyopakwa shaba juu. Waya wa namna hiyo, mwembamba na wa mita ishirini, hauzimishi amplifaya, ila unakula sauti njiani, nasi tulikuwa tukizidi kupandisha.

Tulinunua waya wa shaba halisi, kiungo kikafungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki chini ya paa, na spika za nje zikaungwa kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine, mbili mbili, ili laini ya nje ionyeshe omu 16 kulia na kushoto. Yote shilingi 2,300. Sauti ya spika za nje imepungua kidogo, lakini inamtosha anayesikiliza mparachichini.

Wauzaji wa Luthuli Avenue, niliponunua spika zile mlinitajia wati tu. Hakuna aliyeniuliza nina amplifaya gani, wala ina spika ngapi tayari. Andikeni omu kwenye risiti, hata kwa kalamu. Nanyi mafundi, mteja akiwaambia amplifaya yake inakata na ana spika za nje, msiibebe kwanza. Njooni nyumbani na mita, mtoe waya za nje, mpime moja moja. Mkinitoza mia tano kwa kazi hiyo, nitalipa kwa moyo mweupe.

Mama wa wanne,
Buruburu, Nairobi