Njoo Tupande Lengai

Sakina, Arusha

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Baridi ya mwezi wa saba imetushika barabara, asubuhi Meru hauonekani kwa mawingu, na shuleni kila mtu anatembea na sweta. Tuko wazima, watoto nao wazima. Kabla ya yote mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie zile ndizi mshare alizoniagiza nitazipakia kwenye basi la Tanga wiki hii.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli nimepanda Ol Doinyo Lengai, na kama mwanamke wa rika letu, mwenye magoti ya kusimama darasani kutwa nzima, anaweza kufika. Mambo ya mlima ule hayaelezeki kwa simu, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Jibu ni ndiyo, nimepanda. Nawe unaweza. Tena nataka uje twende wote, kwa sababu wewe ni mwalimu wa jiografia, na mlima ule uko ndani ya mkoa huu uliofundisha miaka yote ile kabla hujahamia huko.

Unaikumbuka ile volkano ya ubaoni: koni, bomba katikati, na chaki nyekundu kwa ajili ya lava. Ya Lengai si nyekundu, shoga. Ni nyeusi, na ikikaa kidogo inakuwa nyeupe. Sababu ni kwamba imejaa kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu. Ni jamii ya magadi yaleyale tunayotia kwenye makande. Lava ya volkano nyingi tunazozisoma hutoka kwenye joto la nyuzi 1,100 hivi, ila ya Lengai hutoka kwenye nyuzi 500 hadi 600, kwa hiyo mchana huwezi kuona wekundu wake. Utaona kitu cheusi kinatiririka chepesi kama uji, na giza likiingia ndipo wekundu hafifu unapojitokeza. Ikishapoa, unyevu wa hewani unaigeuza nyeupe, wakati mwingine kwa saa chache tu. Weupe unaouona kileleni kwa mbali ni huo, ingawa watu wengi huudhania theluji. Dunia nzima leo haina volkano nyingine hai inayotoa lava ya aina hii, na wanajiolojia waliithibitisha mwaka 1960 tu. Mtoto wa Ngaramtoni anazijua Vesuvius na Krakatoa za mtihani, na huu wa kwake haujui. Hilo linaniuma kweli.

Sasa safari. Tulikodi Land Cruiser, walimu kadhaa na jamaa wawili wa benki. Lami inakufikisha Mto wa Mbu bila shida. Hapo mnakata kulia kuelekea Selela na Engaruka, na huko mbele ni vumbi, mawe na makorongo yaliyokauka, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa kushoto kwenu muda wote. Njiani kuna vizuizi vya kulipia ada; mnalipa, mnachukua stakabadhi, mnaendelea. Joto linapanda kadiri mnavyoshuka bondeni. Halafu mkizunguka kona moja, mlima huo hapo mbele yenu umesimama peke yake, umechongoka, mbavu zake zimechimbwa mifereji kuanzia juu mpaka chini. Gari zima lilinyamaza.

Tulipiga hema Engare Sero, chini ya migunga, si mbali na Ziwa Natron. Jioni tulitembea kwenye korongo hadi maporomokoni, mwendo wa kuvuka mto huku na huku maji yakifika mapajani. Hapo weka nguvu ya akiba, usiogelee mpaka uchoke, kwa sababu usiku una kazi yake.

Nataka nikueleze habari za kiongozi wetu, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika. Ni kijana wa Kimaasai mzaliwa wa hapohapo, na mwenzake mmoja. Ukija usikubali kiongozi mmoja kwa kundi, hata mkiwa wanne. Wawe wawili, ili anayeshindwa arudishwe chini na mmoja na wengine waendelee. Kabla ya chakula alituweka chini akatuambia masharti yake bila kuzungusha. Kila mtu maji lita tatu au zaidi, kwa sababu mlima mzima hauna chemchemi. Viatu vya kushika kifundo, glavu hata za bustani, tochi ya kichwani na betri za ziada. Hakuna kumpita kiongozi aliye mbele, na hakuna kuteremka ndani ya kreta. Na mwisho akasema: nikisema turudi, tunarudi, hata kama tumebakiza hatua kumi. Mmoja wa wale jamaa wa benki akataka kubishana, kwamba amelipa hela yake afike. Kijana akamjibu kwa upole kabisa kwamba hela ni ya kutembezwa, kufika ni habari nyingine. Nilimpenda palepale.

Akatueleza pia kwamba wazee wake huuendea mlima ule kumwomba Engai, yaani Mungu, mvua, na wanawake wanaotafuta mtoto huenda kuomba hapo. Kwa hiyo makelele, matusi na takataka havitakiwi. Hatukuhitaji kuambiwa mara mbili.

Tulikula mapema wali na maharage, tukalala na jua likiwa halijazama sawasawa. Saa tano usiku tukaamshwa kwa chai ya tangawizi na chapati, gari likatupeleka mpaka linapoishia, na tukaanza kupanda kwenye saa saba kasoro. Kupanda usiku kuna sababu. Mchana upande ule hauna mti wa kujisitiri, jua la bondeni linakukausha, na kutoka pale chini mpaka ukingo wa kreta unapanda karibu mita 2,000 kwa mkupuo mmoja. Kilele chenyewe kina mita 2,962. Kilimanjaro ni mrefu karibu mara mbili, lakini kule unapewa siku kadhaa na njia iliyochongwa, na Meru una mabanda ya kulala na askari wa kukulinda na nyati. Lengai ni usiku mmoja, na wima.

Mwanzoni ni majani marefu yanayokugonga magotini. Baadaye majani yanakoma na unaanza jivu. Huko chini ni laini, hatua mbili mbele unarudi moja. Juu zaidi limeganda kuwa tabaka gumu lenye mifereji, na mguu unateleza usipoutua wote. Kijana alikuwa nyuma ya kisigino changu kwa muda mrefu, kila mara ananiambia, "Yeyo, fupisha hatua," yaani mama kwa Kimaasai. Nikafupisha mpaka nikaona aibu, hatua ya urefu wa kiatu changu. Magoti hayakulalamika tena. Hilo ndilo jibu la magoti yako, shoga: hatua fupi, fimbo mkono mmoja, na usimwige kijana aliye mbele yako.

Palipoanza kuwa wima kabisa tulipanda kwa mikono na miguu, na hapo ndipo glavu zinapojulikana kazi yake, kwa sababu lile jivu lililoganda linakwaruza ngozi kama msasa wa seremala. Kijana akatangulia. Kila alipofika mahali asipopaamini alipiga chini kwa ile fimbo yake, akasikiliza, akapiga tena pembeni. Pakilia wazi, kama chini kuna shimo, anatuzungusha. Pakilia zito anatuita mmoja mmoja, anakuonyesha kwa tochi mguu uweke wapi na mkono ushike wapi. Hakuna chapa wala alama ya rangi njia nzima. Ramani yote imo kichwani mwake, na ilibidi aipange upya, maana mlima wenyewe hubadilika. Unakumbuka mitikisiko ya Julai 2007? Ule mkubwa wa tarehe 17 ulifika kipimo cha 5.9 na ulisikika mpaka Nairobi. Baada yake Lengai ukalipuka, majivu yakaruka angani mpaka mwaka 2008. Kabla ya hapo kreta ya juu ilikuwa imejaa lava hadi kumwagika ukingoni, na watu walikuwa wakitembea juu yake na hata kupiga hema humo. Mlipuko uliifukua ikabaki shimo refu la kutisha. Anayekupa habari za Lengai za kabla ya 2007 anakupa habari za mlima mwingine.

Mwenzetu mmoja alianza kutapika tukiwa tumeshavuka nusu. Kiongozi alimkalisha, akampa maji yenye glukosi, akamtazama macho kwa tochi, akasema huyu anashuka. Hapakuwa na mjadala. Yule kiongozi wa pili akamshika mkono wakateremka, na tulipowakuta kambini mchana alikuwa mzima anakula tikiti. Nakueleza hili ulizingatie unapochagua nani wa kutuongoza. Bei ya chini nitakuachia. Mimi nitamtafuta anayejua kusema hapana.

Tulifika ukingoni bado kuna giza. Harufu ya kiberiti ilitutangulia, inakwangua koo, na kiongozi akatupanga upande upepo unapotoka. Kisha nikasikia mlima. Chini kabisa mle ndani kitu kilikuwa kinachapa na kurudi, kinachapa na kurudi, mfululizo, na katikati ya weusi kulikuwa na doa jekundu lililofifia. Mwanga ulipoingia lile doa likapotea, na sakafu ya kreta ikaonekana: vichuguu virefu vyenye ncha, mitiririko mibichi myeusi ti, ya zamani kidogo ya kijivu, ya zamani zaidi myeupe pe. Mambo yote niliyokuandikia hapo juu kuhusu magadi na unyevu yalikuwa yamelala pale yakisomeka kwa rangi. Nililia, shoga, na sikujificha.

Jua likachomoza nyuma ya mlima Gelai. Kaskazini Natron linang'aa, nusu maji nusu chumvi nyekundu. Ndilo ziwa wanalotegemea heroe wadogo (flamingo) wa Afrika Mashariki yote kutagia. Kusini mlima Kerimasi. Na magharibi kivuli cha Lengai kikalala chenye ncha mpaka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Baridi na upepo vilikuwa vikali hata baada ya jua, kwa hiyo usije na koti la Tanga. Nitakutafutia moja la mtumba soko la Kilombero hapa mjini, ninajua saizi yako.

Kushuka nitakueleza ukija. Kwa kifupi, unakuona kurefu kuliko kupanda, na saa nne jua limeshakuwa kali.

Alasiri ya siku ile, tulipokwisha kulala kidogo, kijana alitupeleka kwenye nyayo. Karibu na ziwa kuna tope la majivu ya Lengai lililogeuka jiwe, na juu yake nyayo za binadamu zaidi ya 400, wenyeji ndio waliozigundua. Watafiti wanazipa umri wa maelfu ya miaka, si chini ya elfu tano. Kuna walioenda kwa mwendo wa kukimbia, kuna waliotembea kundi moja kuelekea upande mmoja. Vidole vinaonekana. Niliinama nikaona mahali kisigino kilipozama zaidi ya vidole, na nikawaza darasa langu la kidato cha tatu, wale wa dawati la nyuma wanaoniuliza jiografia itawasaidia nini.

Basi hili ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Nataka tuwalete wanafunzi. Kileleni hapana, hilo tusilitaje hata kwa wazazi. Engare Sero yenyewe inatosha: mlima unaonekana wote, kuna ziwa, nyayo, ukuta wa Bonde la Ufa, na njiani matuta ya mawe na mifereji ya wakulima wa kale wa Engaruka. Nusu ya silabasi iko kwenye barabara moja. Mwalimu mkuu wangu ameonyesha kukubali, lakini anataka mpango wa maandishi, na hakuna anayeandika mpango kama wewe. Siwezi kuuandika peke yangu na wewe hujapaona.

Kwa hiyo njoo ile likizo fupi ya Septemba. Masika barabara ile ni tope na jivu la mlimani linateleza vibaya, lakini Septemba ni kukavu. Nitachagua usiku wenye mbalamwezi. Kuanzia leo anza kupanda ngazi na kutembea jioni, kilima chochote cha huko kwenu kitafaa, ukiwa umevaa viatu utakavyokuja navyo. Kama presha yako bado inasumbua, muone daktari kwanza na uniambie ukweli. Tukikuta haifai, utabaki kambini na tutafanya kazi ya wanafunzi hukohuko chini, sitakununia.

Nijibu kabla mwezi huu haujaisha, kwa sababu yule kijana Septemba anachukuliwa mapema na wageni, nami nataka nimtumie advansi. Niambie pia namba ya kiatu, maana mguu wako na wangu tulikuwa tukiazimana zamani lakini wangu umevimba na uzee.

Wasalimie wote nyumbani, na umbusu mdogo.

Wako akupendaye,
Mwalimu mwenzako wa Sakina