Jukwaa la siku moja halimfundishi kijana afya ya uzazi

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi nalisoma gazeti hili bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu ya ukurasa wa afya kuhusu vijana wa jamii za asili za kaskazini mwa Kanada, wanaojifunza afya ya uzazi kwa maigizo na michoro, imenishinda kuinyamazia. Mmesifu ubunifu, mkachapa picha ya jukwaa, kisha mkawashauri wadau wetu waige. Waige nini, ikiwa kazi yenyewe hamkuieleza hata kwa sentensi moja?

Mpango unaojulikana zaidi huko, FOXY, ulianzishwa mwaka 2012 katika eneo la Northwest Territories kwa ajili ya wasichana, na mwaka 2014 ukapata tuzo ya Arctic Inspiration ya dola milioni moja za Kanada. Wavulana walitengenezewa programu yao baadaye. Msingi wake haukuwa jukwaa. Watoto zaidi ya 150,000 wa jamii za asili nchini humo walipitishwa katika shule za bweni za serikali na makanisa, za mwisho zikafungwa miaka ya 1990, na wengi walinajisiwa humohumo. Penye historia ya namna hiyo, mtu mzima mgeni akisimama mbele ya darasa na kuanza kutaja sehemu za siri, watoto hufunga masikio. Katika igizo msichana anasema kupitia mhusika, bila kulazimika kutoboa yaliyompata mwenyewe. Hilo ndilo la kuiga.

Na ule mchoro wa mwili mliouona kama mbinu ya Kanada ulikuzwa Afrika. Mwaka 2002 wanawake wa Khayelitsha, Cape Town, wanaoishi na VVU, waliifanya kazi hiyo wakiongozwa na msanii Jane Solomon. Inataka karatasi ya kaki ya mita mbili kwa moja, au manila nne zilizoungwa kwa selotepu upande wa nyuma, penseli, rangi na maka peni. Wanafanya wawiliwawili, wa jinsia moja. Mmoja analala katika mkao anaoutaka, mwenzake anapitisha penseli pembeni ya mwili wake. Kisha mwenye mwili anajaza mwenyewe: nguvu zake ziko wapi, kovu liko wapi, nani amesimama nyuma yake. Mwezeshaji hamgusi kijana, wala hamuulizi alama fulani ina maana gani. Asiyetaka kulala chini apewe umbo dogo lililochorwa tayari, kwa maana kulala mbele ya watu kunaweza kumrudisha mtoto kwenye jambo baya. Lazima awepo mshauri nasaha na chumba cha pembeni, kwa sababu katika kundi lolote la wasichana ishirini tarajia kuna atakayeweka alama ya ukatili. Siku hiyo isipokuwa na mtu wa kumpokea, mmemfungua mtoto kidonda mkamwacha barabarani.

Igizo nalo lina kanuni zake, zilizoenezwa na mwanatamthilia Mbrazili Augusto Boal tangu miaka ya 1970. Kisa kisizidi dakika kumi, na kikatike vibaya, pale msichana anapokosa njia. Kisha kinarudiwa. Mtazamaji yeyote anapaza sauti "simama!", anaingia na kuichukua nafasi ya aliyeonewa. Nafasi ya muonevu haichukuliwi, maana mtu akimgeuza muonevu kuwa mwema ghafla, tatizo linafutwa bila kutatuliwa. Kila jaribio kiongozi anawauliza watu: hili linawezekana hapa kwetu? Watazamaji wakizidi hamsini, mjadala unakufa na unabaki uchekeshaji.

Sasa nieleze kilichofanyika mwaka jana katika wilaya moja ya wafugaji, kwa fedha za shirika ambalo silitaji. Kikundi kilitoka mjini na hadithi iliyoandikwa mjini, kwa Kiswahili, kwa wasichana wa Kimaasai ambao wengi wao Kiswahili ni cha darasani tu. Spika zilifungwa mnadani. Wakasimama pamoja wazee, morani, kina mama na mabinti, wakati mzee wa Kimaasai hata kula pamoja na binti wa mwanarika wake ana mipaka, sembuse kusikiliza naye habari za kondomu. Mabinti waliondoka kabla ya robo saa, wamejifunika nyuso. Hadithi yenyewe sasa: binti wa miaka 16 anakwenda kupima VVU, anaambiwa akamlete baba. Uongo! Tangu sheria ya Tanzania ilipobadilishwa mwaka 2019, wa miaka 15 anapima bila ridhaa ya mzazi. Anapata mimba, anafukuzwa shule, basi. Uongo tena! Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua. Mwisho anakufa kwa Ukimwi, kama vile dawa za kufubaza virusi hazipo, na kama vile anayezitumia vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hawezi kumwambukiza mwenza kwa kujamiiana. Hakuna aliyetaja kwamba aliyebakwa awahi kituo cha afya ndani ya saa 72 aanzishiwe dawa za PEP, za kuzuia maambukizi ya VVU, za siku 28. Hayo ndiyo maarifa ambayo binti angeondoka nayo, na ndiyo yaliyoachwa ili ipatikane nafasi ya mchekeshaji. Hadithi za kutisha humfanya kijana aogope kupima. Ngono ataendelea nayo.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba kazi hii tuliijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikaa na vijana wa Malya, mkoani Mwanza, kuhusu mimba za wasichana. Vijana walitafiti wenyewe, wakatunga ngoma na michezo, kijiji kikajadili. Mwaka 1996 chuo hichohicho kikaanzisha mashuleni Tuseme, mpango wa wasichana kuyasema matatizo yao kwa maigizo. Taarifa yenu haikutaja hata kimoja.

Nikiwa hapo, niseme la picha. Pembeni ya taarifa ileile mliweka habari ya tamasha la huku, na sura ya binti wa sare ya shule, maelezo chini yakimwita "mwathirika". Jina la shule linasomeka kwenye sweta. Nani aliwapa ruhusa, na binti alielezwa kwamba picha itabaki mtandaoni hata akiwa bibi? Mchoro au igizo la kijana ni mali yake. Unafungiwa kabatini, na hautoki kwenda kwenye ripoti ya mfadhili bila yeye kukubali kwa maandishi, na mzazi wake pia kama hajafika 18.

Mkiandika tena juu ya mambo haya, chapeni kwanza majibu ya maswali manne: nani alitunga, kwa lugha gani, watazamaji walitenganishwaje kwa rika na jinsia, na zahanati ya karibu ina muuguzi wa vijana siku gani na saa ngapi. Wafadhili nao waache kuchapisha fulana kwa mwaka mmoja tu. Fedha hizo zilipe wiki sita za mazoezi kwa vijana kumi wa hapohapo kijijini, chakula cha mchana, mkalimani, na nauli ya muuguzi kila Jumamosi. Na picha ya yule binti iondoeni mtandaoni leo.

Mwalimu wa sanaa za maonyesho,
Arusha