Nyimbo za Katanga ziko wapi kwenye karaoke zetu?

Bwana Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, Katanga. Nilisoma katika gazeti lenu barua ya msomaji mmoja, anasema karaoke, ile ya mtu kuimba mwenyewe juu ya muziki uliorekodiwa, ni mambo ya Waamerika, imekuja kuua muziki na kuharibu vijana, na kwamba heri zikatazwe zote kwenye materasi ya baa za Lubumbashi. Naomba nafasi nimjibu, juu karaoke haikutoka Amerika hata kidogo, halafu ile uchungu yake mimi naielewa sana ila ameipeleka fasi si yake.

Karaoke ilizaliwa Japani na walioizaa ni watu wa kawaida tu. Tokyo, mwaka 1967, kulikuwa mzee anaitwa Shigeichi Negishi, yeye alikuwa na kiwanda kidogo cha vifaa vya elektroniki na alipenda kuimba, siku moja mfanyakazi wake akamtania kuhusu uimbaji wake, Negishi akafikiri kama sauti yangu ingekuwa na muziki nyuma yake ingesikika vizuri, basi akaomba wamuunganishie spika, mikro na mashini ya kanda, akabeba mpaka nyumbani wakaimba na familia. Baadaye akaanza kuziuza kwa jina la Sparko Box. Huyo mzee amefariki Januari 2024, alikuwa na miaka 100.

Mwingine ni Daisuke Inoue wa mji wa Kobe, na huyu ndiye mimi nampenda zaidi juu alikuwa mwanamuziki wa baa, sawa vile wako wengi hapa kwetu. Kazi yake ilikuwa kuwapigia wateja wakitaka kuimba. Bosi mmoja wa kampuni ndogo alimzoea sana, alipokuwa anasafiri akamwomba waende pamoja ili ampigie huko, Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia tu muziki kwenye kanda, tena akaupiga polepole na kwa tuni inayofaa sauti ya yule bosi. Bosi akarudi na furaha kabisa. Inoue akaona hapa kuna kazi, mwaka 1971 yeye na wenzake wakatengeneza mashini 11, unatia sarafu ya yen 100, unaimba. Hakuandikisha haki ya uvumbuzi wake! Makampuni makubwa yakaingia, yakatengeneza ya kwao, pesa nyingi ikaenda huko. Kule Filipino, Roberto del Rosario, naye alitengeneza mashini ya kuimbia, yeye aliandikisha ya kwake, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1983 na 1986, walipomuiga akaenda mahakamani na mwaka 1996 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi yake ikampa haki. Wasanii wetu wasome vizuri hapo.

Kisha ikasambaa. Mwaka 1984 kule Okayama mtu akachukua kontena ya mizigo akaigeuza chumba cha kuimbia, watu wakaona kumbe unaweza kuimba na rafiki zako peke yenu bila wageni kukutazama, vyumba hivyo vikajaa Japani yote, Korea navyo vikaanzia Busan mwaka 1991, Wachina wakafuata na majumba makubwa. Ufini wameanzisha mashindano ya dunia tangu 2003. Leo hata mashini haihitajiki sana, simu na spika vinatosha, njo vile imefika mpaka kwenye nganda zetu, baa ndogo za mitaa ya Kenya na Kamalondo hapa Lubumbashi.

Sasa turudi kwa msomaji wetu. Anasema karaoke inanyang'anya wapiga gitaa kazi. Hapo hakukosea bure, hata Tokyo wapiga gitaa waliokuwa wanazunguka baa kwa baa walimkasirikia Negishi kwa sababu hiyo hiyo, walisema sanduku hili litatuondolea mkate. Hofu yao ilikuwa ya kweli na hofu ya vijana wetu wa orkestra za Lubumbashi ni ya kweli pia, mwenye baa akipiga hesabu ya kulipa watu sita na ya kuwasha spika moja unajua atachagua nini. Lakini kukataza haitarudisha orkestra kwenye terasi. Tutakachopata ni kimya, au ile miziki ya simu inayopigwa usiku kucha bila mtu kuimba.

Mimi kinachoniuma ni kingine. Karaoke ni sufuria, ladha inatoka kwa kile unachotia ndani. Wajapani walitia nyimbo za Kijapani kwanza, Wakorea wakatia za Kikorea, mzee akiingia mule anakuta wimbo wa ujana wake, anaimba. Hapa kwetu fungua orodha uone: Kifaransa, Kiingereza, za Kinshasa kidogo, basi. Za Katanga je? Mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, mtoto wa Bunkeya, alirekodi wimbo wa Masanga mwaka 1952 kule Jadotville, tunayoita leo Likasi, gitaa lake likasikika mpaka Nairobi na watu wa mbali bado wanahangaika kujifunza vidole vyake, na mpiga gitaa mwenzake Édouard Masengo naye, aliimba Kiswahili chetu vizuri mno. Kwenye karaoke zote nilizoingia mimi sijakuta hata wimbo mmoja wao. Bamama wa Katuba wanaojua zile nyimbo neno kwa neno wanakuja kwenye sherehe, wanakaa na fanta yao, wanapigia watoto makofi, mikro haiwafikii kabisa. Inaniuma sana hii.

Na kazi yenyewe si ya ajabu. Karaoke ni muziki bila sauti ya mwimbaji, pamoja na maneno yanayopita kwenye ekran kwa wakati wake. Rekodi za zamani zilichukua gitaa na sauti pamoja, siku hizi kuna programu zinazotenganisha lakini mara nyingi zinaacha makovu, gitaa linasikika kama liko ndani ya maji, kwa hiyo bora vijana wetu wakae studio wapige upya, gitaa, besi, na kwa nini wasitengeneze za karindula pia, ile banjo yetu kubwa ya Katanga, tena kila wimbo waupige kwa tuni mbili, moja ya mwanaume na moja ya mwanamke, sawa vile Inoue alivyomfikiria yule bosi wake. Maneno yaandikwe kwa Kiswahili vile tunavyosema hapa Lubumbashi, msituwekee cha vitabuni. Hapo mpiga gitaa anayelia amekosa kazi anapata kazi, na wenye baa wachange pamoja kulipa studio, juu wao njo watauza bia watu wakikaa kuimba.

Kitu kimoja naomba kisisahaulike kabla mtu hajagusa hata waya moja ya gitaa: familia za hao wazee zitafutwe, ziombwe ruhusa, ziandikiwe karatasi na zilipwe. Wako Lubumbashi, wako Likasi, si watu wa kukosekana. Tusianze kwa kuiba.

Mimi nimeanza kuandika maneno ya nyimbo ambazo wazazi wangu walikuwa wanaimba, ziko kwenye daftari, atakayetaka kuzifanyia kazi hiyo apitie kwenu kwenye gazeti, nitamletea.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi