Mume wangu ameona mshahara wa mwaka wa kwanza tu

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi, kwa hiyo nivumilie nikiandika ovyo.

Ile kampuni ya ndege za mizigo niliyoomba kazi ya urubani imenijibu. Wamenichukua. Nilitegemea nyumbani kutapigwa vigelegele. Mume wangu akaichukua karatasi ya mishahara, akasoma mstari wa juu kabisa, ule wa mwaka wa kwanza, akafunika kwa kiganja mistari yote ya chini, akasema: "Sikukulipia urubani ili ulipwe hivi kwa kubeba maboksi." Mama yake amekaa palepale.

Kweli alinilipia. Sehemu. Nyingine nilikopa, na mkopo ule nimeulipa kwa jasho langu mpaka ukaisha, hilo halitaji. Lakini sikuandikii habari za ada.

Mwaka wa kwanza ni mdogo, sibishi. Ni kama nusu ya ninachopata sasa. Miezi ya darasani na ya simyuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, ni mshahara wa msingi mtupu, maana huruki, na asiyeruka hana saa za kulipwa wala posho ya safari. Halafu kuna kipindi cha majaribio, na mkataba wa gharama za mafunzo: nikiondoka mapema, nazirudisha. Yote haya nilimweleza mwenyewe, sikumficha kitu. Ila mwaka wa pili mshahara unapanda sana, wa tatu unapanda tena, na malipo ya kapteni wa ndege kubwa za mizigo sitayafikia kamwe kwenye kampuni niliyopo sasa. Ndiyo mistari aliyoifunika.

Asichotaka kusikia ni habari ya foleni. Kwenye kampuni ya namna hii tarehe ya kuingia ndiyo inayoamua nani ahamie kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, nani achague ndege, kituo na likizo, na nani apunguzwe kwanza kazi ikipungua. Kila atakayeingia kabla yangu atakuwa mbele yangu mpaka tustaafu, na safari za kimataifa mwisho wake ni umri wa miaka 65. Yeye anasema nisubiri mwaka mmoja watoto wakue kidogo. Watoto sawa. Lakini nikisubiri, ule mshahara mdogo nitaukuta palepale, na watu wengi wamenipita.

Maboksi, Shangazi! Kama abiria ndio wanaomfanya mtu awe rubani. Ndege ni ileile, leseni ni ileile, hali ya hewa haiulizi umebeba nini.

Anataja pia kuruka usiku, na hapo sina nguvu sana ya kumpinga. Mzigo husafiri watu wakiwa wamelala, na kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi ndipo mwili unapozama chini kabisa. Amenitumia habari ya ile ndege ya mizigo iliyoanguka Birmingham, Alabama, Agosti 2013, kabla ya mapambazuko. Marubani wote wawili walikufa, na wachunguzi walitaja uchovu. Ajali hiyo naijua kuliko yeye. Ningekuwa na hakika kwamba ananihofia mimi, ningenyamaza. Lakini aliituma baada ya kumaliza maneno ya pesa, kama nyongeza.

Alipoacha ajira akaanzisha biashara yake, ni mimi niliyebeba nyumba mpaka ikasimama. Sikumuuliza ataleta kiasi gani, wala sikumsema mbele ya mtu. Nimepiga hesabu: akiba yetu inaweza kuziba pengo la mwaka huo tukiahirisha mambo mawili matatu. Akiba iko kwa majina yetu wote wawili, ingawa iliyo nyingi nimeiweka mimi. Je, nitakuwa nimemdhulumu nikisaini nikiitegemea kabla hajakubali? Maana bila hiyo sitoboi, mafunzo yatanikuta sina kitu.

Huku niliko wameniahidi ukapteni mwakani. Amelishika hilo kweli kweli, anawaambia hata ndugu zake. Na mimi, nisiseme uongo, kuna saa nalitamani: kulala kwangu kila usiku, kuitwa kapteni mapema. Kisha nakumbuka kile kiganja na hasira inanipanda upya.

Sihitaji ruhusa yake. Nimeshaamua kwenda. Ninachotaka ni yeye mwenyewe aseme "nenda", na aseme mbele ya mama yake, kama alivyosema yale mengine.

Nijibu kabla ya Ijumaa, Shangazi. Ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha barua, na siku hiyo nina safari ya asubuhi, sitapata nafasi ya kukaa naye tena.