Barua ya wazi kwa vijana wa Katuba wanaotaka kuunda chama chao

Jambo yenu, wanangu.

Habari imenifikia kwamba mnataka chama cha Katuba, komini (wilaya ya mji) yetu hapa Lubumbashi, peke yake, chenye jina la komini, na wagombea kuanzia baraza la komini hadi bunge la Kinshasa. Sababu zenu ninazijua na sizipingi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hakuna kati yenu aliyekaa na karatasi na kalamu akapiga hesabu.

Tuanze na jina, maana ndilo litakalowakwamisha mapema. Sheria ya vyama ya Kongo, namba 04/002 ya tarehe 15 Machi 2004, inataka kila chama kiwe cha taifa zima. Inakikataza kujitambulisha kwa kabila, lugha, dini au jimbo. Chama chenye jina la komini moja kinawapa watu wa wizara sababu ya kuwarudishia faili. Tafuteni jina ambalo mtu wa Bunia au wa Matadi anaweza kulibeba bila kujiona mgeni.

Msione sheria hiyo kuwa ya uonevu tu. Mji huu ulishaonja vyama vya upande mmoja. Katika uchaguzi wa komini wa Desemba 1957, wa kwanza hapa Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo), watu waliotoka Kasai walishinda nafasi nyingi za bourgmestre, yaani mkuu wa komini, na uchungu wa matokeo yale ulichangia kuzaliwa kwa Conakat, chama cha wenyeji wa Katanga, mwaka 1958. Mwaka uliofuata Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga cha Jason Sendwe, ilijitoa humo, ikaunda muungano ulioitwa Cartel pamoja na wenzake. Mei 1960, kati ya viti 60 vya baraza la jimbo la Katanga, Conakat ilipata 25 na Cartel 22. Hakuna aliyekuwa na wingi. Baraza lilihitaji theluthi mbili ya wajumbe ili likutane, kwa hiyo Cartel iliweza kulizuia kwa kubaki nje tu. Ikazuia. Mwezi Juni bunge la Ubelgiji likabadilisha kanuni hiyo, na Conakat ikaunda serikali ya jimbo bila wao. Viti 22, lakini nguvu yao yote ilitegemea sharti moja lililoandikwa na wengine.

Kule Bukavu, mwaka huohuo, chama cha CEREA cha Anicet Kashamura kilipeleka wabunge 10 kati ya 137 huko Léopoldville (Kinshasa ya leo), ambao ni wengi kwa chama cha Kivu. Viongozi wake wakagawanyika, na chama kikapasuka vipande.

Sasa tuje kwenye sheria ya leo. Kwa ubunge wa taifa, listi inapaswa kupata angalau 1% ya kura halali za nchi nzima. Desemba 2023 watu wapatao milioni 18 walipiga kura, kwa hiyo kizingiti kilikaribia kura 180,000. Kura hizo si rahisi kuzipata ndani ya komini moja. Tena tangu sheria ya Juni 2022, chama au muungano wa vyama lazima ujaze angalau 60% ya viti vinavyogombewa, la sivyo listi zake hazipokelewi. Kwa bunge la taifa mwaka 2023 hiyo ilikuwa kama viti 290 kati ya 484. Nani kati yenu ana wagombea 290?

Kwa hiyo mtaingia kwenye muungano, mpende msipende, na kazi yenu kubwa ni kuupangia masharti kabla ya kutia sahihi. Ubunge wa Kinshasa waachieni wenzenu wa muungano. Ombeni listi ya baraza la komini hapa Katuba. Huko kizingiti ni 10% ya kura za komini, na hapo watu wanaojuana wana faida. Wajumbe wa komini, kwa sheria, ndio wanaomchagua bourgmestre na wajumbe wa baraza la mji, na hao wa mji wanamchagua meya.

Chukueni mfano wa kubuni: viti 9, kura halali 27,000. Kizingiti ni 2,700. Listi A imepata 9,800, B 6,900, na yenu 3,100. Kura 7,200 zilizobaki zimetawanyika kwa listi ndogo zisizofika kizingiti, na zinatupwa nje. Zinabaki 19,800; gawanya kwa 9, unapata 2,200 kwa kiti. A inachukua viti 4 na kubakiza kura 1,000. B inachukua 3 na kubakiza 300. Ninyi kiti 1, mabaki 900. Kiti cha tisa kinakwenda kwa mwenye mabaki makubwa, yaani A. Lakini mngewashawishi watu 101 tu kati ya wale waliopigia listi ndogo, kiti hicho kingekuwa chenu. Pigeni hesabu upya wenyewe kwa 3,201, msinisadiki mimi.

Ndiyo maana listi fupi yenye mtu mmoja maarufu ni kosa. Mpiga kura anamchagua mgombea mmoja, lakini kura hiyo inahesabiwa kwanza kwa listi nzima. Wagombea 9 wanaoleta kura 300 kila mmoja wameshafika 2,700. Mama anayeuza unga sokoni analeta 300 kwa urahisi kuliko profesa aliyehamia mjini. Na kuhusu kina mama: listi yenye angalau nusu ya wanawake haitozwi kosyo (amana ya kugombea). Kwa viti 9 maana yake ni wanawake 5. Nimeshangaa kuona rasimu yenu ina wawili.

Katika mapatano na muungano andikeni wazi: nani anapeleka majina CENI (tume ya uchaguzi), nani anaweza kuyabadilisha, na siku gani mtaonyeshwa nakala ya listi. Bila hivyo majina yenu yatageuzwa usiku wa mwisho, na hamtakuwa na karatasi ya kulalamikia. Kumbukeni pia kwamba mbunge anayekihama chama chake kwa hiari katikati ya muhula anahesabiwa kuwa amekiacha kiti. Mwenye kumiliki beji, yaani jina la chama, ndiye mwenye nguvu.

Kampeni ya komini ni fupi. Mwaka 2023 ilianza tarehe 4 Desemba ikafungwa tarehe 18. Falanga zenu msizimalize kwa fulana. Wekeni kwanza za mashahidi. Biro ya kura inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na kuhesabu kunaendelea usiku. Shahidi aliyepewa chai ya asubuhi tu anaondoka saa nane mchana, na hapo ndipo hasara inapoingia. Kila biro iwe na mashahidi wawili wanaopokezana, chakula cha mara mbili, tochi, kalamu, na simu yenye chaji. Wadai nakala ya PV (taarifa rasmi ya kuhesabu kura), wapige picha karatasi ya matokeo inayobandikwa nje, na wasitie sahihi kwenye namba wasizozihesabu. Akikataa kusaini, shahidi aandike sababu.

PV zote zifike kwa mtu mmoja usiku huohuo, azipange kwa namba za biro, aziunganishe kwa kalkuleta na kuzilinganisha na matokeo ya CENI. Tofauti ikitokea, mna siku 8 tangu matokeo ya muda yatangazwe kupeleka malalamiko mahakamani. Avoka (wakili) mtafuteni mwezi mmoja kabla ya kura, mkubaliane na bei yake kwa maandishi, na mumpe nakala ya PV moja ya mfano aizoee.