Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: tununulie njia kwanza, lami itakuja

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Mwanga, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, nyuma ya madumu yangu ya mawese. Biashara hii nimeirithi kwa mama, na nimekaa hapa miaka ya kutosha kulijua lori kwa mlio kabla halijatokeza. Juzi saa nne asubuhi semi moja iliyobeba saruji ilikwama mbele yangu kwa sababu ya bajaji mbili na mkokoteni wa dagaa. Dereva alizima injini, akashuka, akaagiza chapati mbili na chai, akala mpaka akamaliza. Hakuna aliyepiga honi wala aliyetukana. Tumeshazoea, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Mji wetu una mlango mmoja. Magari yanayotoka Kasulu na yanayotoka Uvinza yanakutana Kidahwe. Ya Manyovu, kule mpakani na Burundi, yanaingia Mwandiga. Baada ya hapo wote tunabanana kwenye lami moja kupita Gungu hadi Mwanga, kisha kuteremka stesheni na bandarini. Njia hiyo hiyo ndiyo ya wanafunzi, ya mama lishe, na ya mjamzito anayewahishwa hospitali ya Maweni kwa bodaboda.

Na mzigo unaongezeka. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Katosho kuna eneo lililotengwa kwa bandari kavu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kalemie na Uvira kule Kongo wanasubiri saruji na mafuta, na Bujumbura vilevile. Tunafurahi, riziki hiyo. Ila treni ikishusha mzigo, mzigo huo hauruki angani kufika melini.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni barabara ya mchepuo. Ichepuke kabla ya kuingia mjini, izunguke nyuma ya makazi, ifike Katosho, itupe mkono mmoja kuelekea bandari ya Kibirizi na mwingine Ujiji. Ipite wapi hasa, hiyo ni kazi ya wahandisi wako. Arusha wamepata mchepuo wa kilomita 42.4. Dodoma inazungushiwa duara la kilomita 112.3, njia nne. Sisi hatudai duara, maana upande wa magharibi Mungu ameshaweka ziwa. Nusu ya mwezi inatutosha.

Najua nitakachojibiwa: bajeti. Sawa. Ndiyo maana ombi langu la pili, ambalo ndilo hasa limenifanya nishike kalamu, halihusu lami. Nunueni njia sasa, yaani ardhi itakapopita barabara. Lami ije hata baada ya miaka kumi.

Hebu tupige hesabu ya sokoni. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, thelathini kila upande kutoka katikati. Kilomita moja ya upana huo ni hekta 6, karibu ekari 15. Leo sehemu kubwa ya ekari hizo, ukitoka kidogo nje ya mji, ni michikichi, mihogo na migomba. Ukipita baada ya mvua mbili tatu utakuta msingi wa tofali za kuchoma. Ukirudi tena, bati. Kila bati linaongeza gharama ya barabara yako, Mheshimiwa, na mwenye bati hana kosa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia hapo patapita kitu.

Lakini kumwambia tu bila kumlipa ni kumfunga kamba. Hapo nina ushahidi wa nyumbani.

Shangazi yangu, katika wilaya nyingine ambayo sitaitaja, alipitiwa na mradi wa barabara ambao pia sitautaja. Walikuja vijana wenye fulana za kung'aa, wakapigilia vigingi, wakahesabu michikichi yake. Ilikuwa 41. Kila mmoja uliandikwa namba kwa rangi nyeupe kwenye shina. Akapigwa picha ameshika kibao chenye jina lake, akatia dole gumba kwenye fomu, akaambiwa: kuanzia leo usiendeleze. Usijenge, usipande, usiezeke. Malipo yako njiani.

Ungeijua michikichi ungejua namba zile hazidumu. Mashina yale yamejaa vikonyo vya makuti ya zamani, navyo hukauka na kubanduka vyenyewe. Mwaka wa pili namba zikaanza kudondoka. Shangazi akaogopa kwamba mti usio na namba hautalipwa. Siku moja nilimkuta na kopo la chokaa na mswaki wa meno, anaiandika upya 17 kwenye mti ambao nina hakika haukuwa 17. Bati la jikoni lilikuwa limetoboka. Fundi alikuwepo na bati jipya lilikuwepo, limeegemezwa ukutani. Hakuthubutu kulipandisha. Tulipika tumeweka sinia juu ya sufuria ili kutu na matone yasiingie mbogani.

Fedha zilikuja, sisemi hazikuja. Zilikuja wakati bei ya kiwanja, ya mbao na ya saruji imeshakwenda zake. Na mchikichi, hata ile mbegu ya kisasa iitwayo Tenera, unaupanda leo ukisubiri miaka mitatu au minne kuona mkungu wa kwanza. Katika miaka hiyo mama wa watu anakamua nini?

Sheria ninaijua kidogo, nilisomewa na mwanangu. Katiba ibara ya 24 inalinda mali ya mtu na kudai fidia inayostahili. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini, ikichelewa iongezwe riba, na uthamini ukipita miaka 2 ufanywe upya. Maneno mazuri mno. Shida yake ni kwamba saa inaanza kuhesabu kwenye saini ya Mthamini Mkuu, ilhali shangazi alianza kuhesabu siku ya kigingi. Kati ya kigingi na saini hakuna anayemdai mtu chochote, isipokuwa mvua inayoingia jikoni.

Hivyo naomba Kigoma iwe tofauti. Kigingi na hundi viongozane. Kama mwaka huu fedha zinatosha kilomita tatu, pigilieni vigingi kilomita tatu, mlipe, muache watu wa kilomita ya nne waezeke nyumba zao. Ardhi mliyolipia msiiache tupu pia. Waachieni watu walime mahindi na maharage kwa mkataba mpaka greda lije, la sivyo itageuka jalala au itajaa vibanda. Mnaifahamu Barabara ya Mandela pale Dar es Salaam: ilikusudiwa kupitisha mizigo ya bandari pembeni mwa jiji, leo jiji liko pande zote mbili na lori linasubiri taa pamoja na daladala. Sisi wauzaji ndio wa kwanza kufuata lami, sikufichi. Mimi mwenyewe ningetafuta kimeza hapo wiki ya kwanza. Nikatazeni mapema, kabla sijakopa mtaji.

La mwisho ni bonde la Luiche, endapo wahandisi wataona mkono wa Ujiji lazima ulikatize. Waje masika, wasije Agosti. Agosti bonde linadanganya. Tuta likiwekwa na makalavati mawili matatu ya kuokoteza, mpunga wa upande mmoja utazama na wa upande wa pili utakauka. Wakulima wa pale wanajua maji yanapita wapi, waulizwe na wao. Na Kibirizi wakakague alama za maji kwenye kuta za nyumba, waone ziwa lilikuja mpaka wapi miaka hii ya karibuni.

Ukipata nafasi, Mheshimiwa, njoo wewe mwenyewe Mwanga. Ila njoo bila ving'ora, kwani msafara wako ukipita malori husimamishwa Gungu na sisi tunaonekana mji wenye nafasi. Panda bajaji tu, saa nne asubuhi. Mimi nipo upande wa kushoto ukitokea Mwandiga, madumu ya njano. Ukikuta semi imesimama mbele yangu, zunguka kwa nyuma.

Wako,
Muuza mawese, Mwanga, Kigoma