Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Nyumba zetu za Kisauni zimepakwa rangi, vyumba vilivyohamwa vimepata wapangaji, hesabu zimekaguliwa, misiba na harusi tumehudhuria. Kodi zote sasa hulipwa kwa M-Pesa. Hilo nililianzisha mimi, na waliolipinga wameona wenyewe kwamba pesa hazipotelei njiani tena. Mfuko una shilingi 6,340,000. Matumizi ya mwaka ni 1,115,000, pamoja na wakili, mpimaji, mafundi na chai ya mikutano. Mwenye swali amwone mweka hazina.

Sasa ploti ya Shanzu, ambayo najua ndiyo iliyojaza ukumbi leo, maana mikutano mingine tulikuwa tukizungumza na viti.

Imeandikwa sana kwenye WhatsApp kwamba mwenyekiti aliogopa, akatukosesha mali ya ufuoni. Kamati ndiyo iliyopiga kura tusiinunue, ingawa sikatai kwamba rai ilikuwa yangu. Dalali alituletea video ya droni: mchanga mweupe, minazi, bahari iko kule mbali. Nilipotazama tarehe nikaona imepigwa siku za maji mafu, bahari isipopanda sana. Nikashikilia twende wenyewe wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote. Waliokwenda wanajua walichokiona. Maji yalifika kwenye shina la mvinje, mizizi ikining'inia hewani, na kigingi kimoja cha mpaka kilikuwa kimefunikwa na wimbi. Jirani amejenga ukuta wa mawe, na wimbi likiugonga nguvu yake hukimbilia pembeni, kwenye ardhi isiyo na ukuta, yaani hiyo tuliyokuwa tukiuziwa. Katibu alifungua picha za zamani za satelaiti kwenye simu yake, mwaka baada ya mwaka, na kila mmoja wetu aliona majani yanavyorudi nyuma. Bei ya ploti, hata hivyo, haikurudi nyuma hata shilingi.

Wapo wanaosema bahari ni ile ile ya mababu. Jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi lilieleza mwaka 2021 kwamba bahari duniani ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018, na kwamba miaka ya mwisho ilikuwa ikipanda milimita 3.7 kila mwaka. Milimita ni kitu kidogo, lakini ufuo ukiwa tambarare bamvua huingia ndani zaidi. Chumvi nayo hupenya kisimani na kwenye zege, nondo zikaota kutu, zege likapasuka. Mwanachama aliyesimama mwaka jana akaniita mwoga aulize fundi yeyote wa Nyali gharama ya kubadilisha nguzo.

Pesa tulizipeleka Changamwe, juu. Huko nako hatukununua kwa macho. Baada ya mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 nilisema ardhi yoyote itatazamwa mvua ikinyesha, na tuliitazama tukiwa tumelowa. Wengine waliuliza kwa nini tuhangaike hivyo na Ardhisasa, mtandao wa serikali wa kumbukumbu za ardhi, ipo. Mtandao huo ulizinduliwa 2021 ukianzia Nairobi, na ni jambo la kheri. Lakini unakuonyesha ardhi ni ya nani, haukuonyeshi maji yanapita wapi.

La ada linaniuma. Tuko wanachama 72, waliolipa ni 41. Katika 31 waliobaki wamo waliopiga kelele zaidi kuhusu Shanzu, kana kwamba wangeinunua kwa fedha zao. Kwenye safari ya bamvua tulialikana wote na tukaenda tisa. Aliyebaki nyumbani asitueleze bahari iko wapi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuweka sola na matangi ya mvua Kisauni, na kujaribu kukodisha vyumba kadhaa kwa wageni kwa njia ya mtandao. Ujenzi wa Changamwe utaanza hali ikiruhusu.

Ada zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Mweka hazina yuko mezani pale mlangoni, na kitabu cha risiti anacho.

Mwenyekiti